Frank Hadow: Bingwa wa Wimbledon asiyerudi kutetea taji lake

MWAKA 1878, mwaka mmoja kabla Wabelgiji hawajaanza kujenga kituo chao Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, kijana wa Kiingereza aliyekuwa likizoni alitwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon, kisha akarudi kazini kwake ng'ambo.

Patrick Francis Hadow, aliyejulikana zaidi kwa jina la Frank, alizaliwa London Januari 24, 1855. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya meli ya P&O, hivyo fedha haikuwa tatizo nyumbani kwao. Msiba ulikuwapo. Julai 14, 1865, kaka yake Douglas, mwenye umri wa miaka 19, aliteleza akishuka Mlima Matterhorn, mpakani mwa Uswisi na Italia, akafa pamoja na wenzake watatu. Kundi lao lilikuwa la kwanza kukifikia kilele cha mlima huo.

Frank alisoma Harrow, kisha akaenda kuendesha kilimo cha mashamba makubwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Alipojiandikisha Wimbledon, mashindano hayo yalikuwa yakifanyika kwa mara ya pili tu.

Bingwa mtetezi, Spencer Gore, alikuwa na mbinu iliyowashinda wengi: kusogea wavuni na kuupiga mpira kabla haujadunda. Hadow alimjibu kwa kuuinua mpira juu ya kichwa chake, ukaangukie nyuma. Siku hizi hata mtoto anayejifunza tenisi huifahamu mbinu hiyo, lakini wakati ule ilikuwa jambo geni. Gore alilala kwa seti tatu mfululizo, 7-5, 6-1 na 9-7. Hadow alimaliza mashindano yote bila kupoteza hata seti moja.

Mwaka 1879 hakutokea kulitetea taji, nalo likaenda kwa mchungaji John Hartley. Hakushiriki tena mashindano hayo, na huenda ndiyo sababu jina lake halitajwi sana, kwani mashabiki huwakumbuka zaidi walioshinda mara nyingi.

Alionekana tena Wimbledon mwaka 1926, akiwa na miaka 71, wakati wa yubilei ya mashindano, ambapo Malkia Mary aliwakabidhi mabingwa wa zamani medali za kumbukumbu. Alifariki dunia Juni 29, 1946, akiwa na umri wa miaka 91.