Lillian Wald: Muuguzi aliyehamia kwa wahamiaji

SIKU moja mwaka wa 1893, msichana mdogo alifika darasani katika mtaa wa Lower East Side, jijini New York, akitafuta msaada. Alikuwa amekuja kumwita mwalimu aliyewafunza akina mama wahamiaji namna ya kuwatunza wagonjwa nyumbani. Mamake alikuwa hoi kitandani baada ya kujifungua.

Mwalimu huyo, Lillian Wald, alimfuata mtoto katika mvua, wakapita vichochoro vilivyojaa taka hadi kwenye jengo kuukuu la vyumba vya kupangisha. Humo alikuta familia ya watu saba ikiishi katika vyumba viwili, pamoja na wapangaji wengine waliokaribishwa ili kuchangia kodi. Mgonjwa alikuwa amelala kwenye kitanda kichafu, na damu iliyomtoka siku mbili awali haikuwa imesafishwa.

Wald alimwosha mama huyo, akamtandikia upya na kusafisha chumba. Alipotoka alikuwa amekata shauri: hangerudi tena katika chuo cha udaktari alikokuwa akisoma. Aliona kwamba watu wale hawakukosa daktari pekee, bali pia jirani mwenye ujuzi wa kuwauguza.

Wald mwenyewe hakulelewa katika dhiki. Alizaliwa Machi 10, 1867, mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Ujerumani na Poland. Alikulia Rochester, ambako babake alikuwa mfanyabiashara wa miwani na vifaa vya aina hiyo. Akiwa na umri wa miaka 16 aliomba nafasi katika chuo cha Vassar, lakini akakataliwa kwa kuwa alionekana mdogo mno.

Njia yake ilifunguka alipokutana na muuguzi aliyekuwa akimhudumia dadake. Alivutiwa na kazi hiyo, akajiunga na shule ya wauguzi ya New York Hospital na kufuzu mwaka wa 1891.

Wakati huo, meli zilikuwa zikiwashusha New York maelfu ya Wayahudi waliotoroka mateso katika himaya ya Urusi, pamoja na Waitaliano waliokimbia ufukara. Wengi walifikia Lower East Side, ambako chumba kimoja kilikuwa jiko, malazi na karakana ya kushona nguo kwa malipo duni. Kifua kikuu kilishamiri.

Badala ya kulaumu msongamano, wenyeji wengi waliwalaumu wageni. Mwaka wa 1892, homa kali inayoenezwa na chawa ilipozuka miongoni mwa Wayahudi waliowasili kwa meli, wengi walichukuliwa na kutengwa kisiwani. Si ajabu kwamba mhamiaji aliogopa kumfungulia mlango ofisa wa afya, akaona heri auguzwe kwa siri.

Katika mazingira hayo, Wald na muuguzi mwenzake, Mary Brewster, walifanya jambo lililowashangaza wengi. Walihamia mtaani humo mwaka huo wa 1893 na kupanga katika ghorofa ya juu kabisa ya jengo la kawaida. Walipanda na kushuka ngazi zilezile zilizotumiwa na wagonjwa wao. Mwaka wa 1895, mwenye benki Jacob Schiff aliwanunulia nyumba katika barabara ya Henry, nambari 265. Hapo ndipo kituo maarufu cha Henry Street kilipokita mizizi.

Utaratibu wa Wald ulikuwa mwepesi kueleza, japo mgumu kutekeleza. Muuguzi alikwenda popote alikoitwa na familia yenyewe, bila kusubiri agizo la daktari na bila kuuliza dini wala taifa la mgonjwa. Mwenye uwezo alilipa senti chache ili asijihisi ombaomba. Asiye nacho alitibiwa bure. Wald aliipa kazi hiyo jina la uuguzi wa afya ya umma, na jina hilo likaenea duniani.

Ushahidi wa manufaa yake ulionekana shuleni. Wakaguzi wa afya walikuwa wakiwafukuza watoto wenye ugonjwa wa macho, chawa au mapunye, lakini hakuna aliyewatibu, hivyo wakabaki mitaani. Mwaka wa 1902, Wald alimtoa muuguzi wake, Lina Rogers, ahudumu katika shule nne kwa majaribio ya mwezi mmoja. Matokeo yaliishawishi serikali ya jiji kuajiri wauguzi wengine. Mnamo Septemba 1902, watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamefukuzwa shuleni. Septemba iliyofuata idadi hiyo ilishuka hadi karibu 1,100.

Kufikia mwaka wa 1913, wauguzi wa Henry Street walikuwa 92, na walifanya ziara takriban 200,000 kwa mwaka. Miongoni mwa waliowahi kuajiriwa ni Elizabeth Tyler, muuguzi mweusi aliyeanza mwaka wa 1906 na kuhudumia familia za watu weusi jijini humo. Mwaka wa 1909, Wald alitia saini wito uliozaa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, na kuwakaribisha wajumbe wa rangi zote nyumbani mwake wakati ambapo kuketi meza moja namna hiyo kulionekana aibu.

Wald hakutaka mgeni ajifute asili yake ndipo akubaliwe. Mwaka wa 1913, kituo kilipotimiza miaka 20, wakazi waliigiza barabarani historia ya mtaa wao, kuanzia wenyeji wa asili na Waholanzi hadi Wayahudi na Waitaliano. Ujumbe ulikuwa wazi: karibu kila aliyejiita mwenyeji hapo, wazee wake waliwahi kuwa wageni.

Msimamo wake haukukosa gharama. Alipopinga vita vikuu vya kwanza vya dunia, baadhi ya wafadhili walimtupa mkono. Hata hivyo, homa ya mafua ilipoikumba New York mwaka wa 1918, ni yeye aliyeongoza baraza la dharura la wauguzi. Mwaka wa 1924 alishuhudia Marekani ikipitisha sheria iliyowafungia mlango wengi wa aina ya majirani zake.

Wald aliaga dunia Septemba 1, 1940, akiwa na umri wa miaka 73. Kituo cha Henry Street kingali kinahudumu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Wald, maneno hayo yangekuwa kanuni ya afya. Kikohozi cha fundi mhamiaji hakikukomea chumbani mwake. Kilimfuata karakanani, sokoni na shuleni. Kumtibu kulikuwa kujikinga. Katika mitaa yetu yenye wageni wengi, mfano wa Eastleigh jijini Nairobi, swali alilojibu mwaka wa 1893 lingali linabisha hodi: mgeni anapougua, atamfungulia nani mlango bila hofu?