Harry Nyquist: Mhamiaji aliyeweka mpaka wa vipimo vya mafundi wa leo

Fundi asiye na hela ya osiloskopu siku hizi anachomeka kifaa cha kurekodia muziki kwenye kompyuta, kisha anaona mawimbi ya saketi yake kwenye skrini. Bei ni nafuu, lakini kuna mpaka. Kumbe mpaka huo unatokana na hesabu za miaka ya 1920, za Harry Nyquist.

Nyquist alizaliwa Februari 7, 1889, katika kijiji cha Nilsby, Sweden. Mwaka 1907, akiwa na miaka 18, alihamia Marekani. Alisoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha North Dakota, kisha akapata udaktari wa fizikia Yale mwaka 1917.

Mwaka huohuo aliajiriwa AT&T, na 1934 akaingia Bell Labs.

Enzi hizo telegrafu ilikuwa biashara kubwa, na kila mtu alitaka kupitisha ujumbe mwingi zaidi kwenye waya uleule. Mwaka 1928 Nyquist alionyesha kuwa haiwezekani kuongeza tu unavyotaka. Mapigo yanayopita kwa sekunde bila kuvurugana hayazidi mara mbili ya upana wa masafa ya waya. Miaka ya 1940 Claude Shannon aliiendeleza hoja hiyo, ikawa msingi wa sauti ya dijitali.

Kwa fundi maana yake ni hii: kifaa kinachochukua sampuli 192,000 kwa sekunde kinaona mawimbi ya hadi hezi 96,000 tu. Cha sampuli 48,000 kinaishia hezi 24,000. Wimbi la hezi 100,000 likipenya kwenye kile cha kwanza bila kuchujwa, litaonekana kama la hezi 92,000. Hapo fundi anaweza kuhangaika siku nzima na tatizo ambalo halipo.

Kupima amplifaya au spika, kinatosha kabisa. Redio ya FM, hapana. Vingi havipimi umeme wa betri, na kuchomeka umeme wa ukutani moja kwa moja ni kuunguza kifaa na kuhatarisha maisha.

Mwaka 1928 pia, Nyquist alieleza kelele ambayo mwenzake John B. Johnson aliipima kwenye rizista, kelele inayoletwa na joto lenyewe. Ndiyo maana hata kifaa cha bei mbaya hakiwezi kuwa kimya kabisa. Mwaka 1932 alitoa njia ya kujua kama amplifaya itatulia au itapiga mluzi. Wahandisi wanaitumia mpaka leo.

Alistaafu 1954 na kufariki Aprili 4, 1976, Harlingen, Texas, akiwa na miaka 87. Vifaa hivi vya mezani hakuviona, ila nusu ya kasi ya sampuli ya kila kimoja inaitwa kwa jina lake.