Papwa Sewgolum: Chanda Chema Kilichovikwa Pete Mvuani

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Sewsunker Sewgolum, aliyefahamika zaidi kwa jina la Papwa, alivikwa pete hiyo akiwa amesimama nje, mvua ikimnyeshea, kwa kuwa rangi ya ngozi yake haikumruhusu kuvuka kizingiti cha jumba la klabu alikoibuka mshindi.

Papwa alizaliwa katika familia maskini ya Durban, Afrika Kusini. Alikuwa mmoja wa jamii ya Wahindi ambao wahenga wao walianza kuletwa Natal mnamo mwaka 1860 ili kufanya kazi ya kibarua katika mashamba ya miwa. Hakubahatika kupata elimu ya shule. Tangu utotoni alijitafutia riziki kwa kuwabebea Wazungu mifuko ya fimbo za gofu. Mchezo wenyewe alijifunza kwa kutazama. Kwa vile hakuwa na mwalimu wa kumkosoa, alishika fimbo kinyume cha desturi, mkono wa kushoto ukiwa chini ya ule wa kulia.

Kipaji hicho kilimvutia mwajiri wake, Graham Wulff, ambaye alimwezesha kwenda kucheza Ulaya. Mwaka 1959 Papwa alishinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi, akayashinda tena mwaka 1960 na 1964.

Nyumbani hali ilikuwa tofauti. Klabu kubwa za gofu zilikuwa milki ya Wazungu pekee, nayo serikali ya ubaguzi wa rangi ilizitilia nguvu kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950. Ndiposa mwaka 1963, Papwa aliporuhusiwa kushiriki Mashindano ya Wazi ya Natal katika klabu ya Durban Country Club, ruhusa hiyo ilikomea uwanjani. Aliwashinda Wazungu wote. Mvua iliponyesha, wenyeji walijisitiri jumbani, naye akakabidhiwa kombe nje. Mtu wa jamii yake aliweza kuingia katika majumba kama hayo akibeba sinia la wenyewe, wala si akibeba kombe lake mwenyewe.

Picha ya tukio hilo ilienea ulimwenguni na kuwapa hoja waliodai Afrika Kusini itengwe katika michezo. Mwaka 1964 nchi hiyo ilizuiwa kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo.

Mwaka 1965 Papwa alitwaa tena taji la Natal, safari hii akimbwaga Gary Player, mmoja wa wachezaji bora duniani. Badala ya pongezi, serikali ilimnyima vibali vya kucheza katika mashindano ya Wazungu, na hata pasipoti akanyimwa. Mkono uliokuwa ukimlisha ukawa umefungwa. Alifariki mwaka 1978, angali maskini.

Leo mjini Durban kuna uwanja wa gofu unaoitwa kwa jina lake.  Maisha yake yanadhihirisha kwamba mlango wa klabu si jambo dogo la watu binafsi. Palipo na dola nyuma ya mlango huo, anayefungiwa nje hunyimwa viburudisho vya ndani, kisha hunyimwa kazi yake, na hatimaye maisha yake.