Nahodha Joseph Bates na Saa ya Hamu

Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:8, Warumi 13:14, 1 Wakorintho 10:13.

Joseph Bates, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Massachusetts, Marekani. Alikulia Fairhaven, karibu na bandari ya New Bedford. Mwaka 1807, kabla hajatimiza miaka 15, aliingia melini kama mtumishi. Mwaka 1810 alikamatwa Liverpool akalazimishwa kutumika katika jeshi la majini la Uingereza. Vita vilipozuka kati ya Uingereza na Marekani, akawekwa kifungoni hadi 1815. Miongoni mwa mabaharia, pombe kali na tumbaku vilikuwa mambo ya kawaida. Bates alivizoea vyote viwili.

Mwaka 1821, akiwa nahodha, aligundua jambo lililomtisha. Alikuwa amejiwekea kipimo cha glasi moja tu kwa siku, wakati wa chakula cha mchana. Kipimo kilikuwa kidogo, lakini saa ile ilipokaribia aliitamani glasi kuliko chakula chenyewe. Alitambua kwamba hakuwa amepunguza utumwa, bali ameupangia ratiba. Akaacha pombe kali kabisa. Mwaka uliofuata akaacha na divai.

Jaribu liliendelea kumfuata. Huko Lima, Peru, alialikwa kwenye karamu ya manahodha na maofisa, ambapo desturi ilikuwa kunyanyua glasi pamoja. Bates hakukaa na glasi tupu, wala hakugombana na wenyeji wake. Alijaza maji katika glasi yake akanywa pamoja nao. Alikwenda mezani akiwa amekwisha kuamua, kama Danieli alivyoamua moyoni kabla sahani hazijafika.

Muda mfupi baadaye ikafika zamu ya tumbaku. Bates aliitupa na hakuirudia tena. Hivyo alishughulika na adui mmoja baada ya mwingine, na kila ushindi ukamwandaa kwa uliofuata.

Wakati huo alikuwa bado hajampokea Kristo. Mke wake Prudence, waliyeoana mwaka 1818, alimwekea Agano Jipya sandukuni alipokuwa akifunga safari. Baharini alilisoma, akaona kwamba nguvu ya kuacha maovu haitoshi kumpatanisha mtu na Mungu. Alibatizwa mwaka 1827 na kusaidia kuanzisha chama cha kiasi Fairhaven. Mwaka huohuo aliongoza meli ya Empress bila kileo cha kunywa mabaharia. Pombe isingeweza kumshawishi mtu katikati ya bahari ikiwa haikupakiwa bandarini.

Alipoacha bahari mwaka 1828 alirudi shambani, akapanda miforosadi ili kufuga viwavi vya hariri na kuwapatia vijana kazi. Mwaka 1845 aliikubali Sabato, na mali yake yote iliishia katika kazi ya Injili. Wakati ujumbe wa afya ulipotolewa kwa Ellen White mwaka 1863, Bates alikuwa ameishi bila tumbaku kwa takribani miaka 40. Alifariki tarehe 19 Machi 1872 huko Battle Creek, akiwa na miaka 79.

Mkulima wa Kasulu au Kibondo hana bahari ya kutupia tumbaku. Yeye huiona shambani, huikausha kwenye bani, huichambua kwa mikono yake, na ada ya shule ya watoto huenda hutoka humo. Dukani sigara huuzwa mojamoja. Asubuhi yenye baridi, kikombe cha kahawa humkumbusha. Usiku wa msiba, wanaume wakikaa kuzunguka moto, pakiti huzungushwa na kibweta cha ugoro hufunguliwa. Siku ya gulio rafiki humpa moja bila kuombwa. Saa hizo ndizo zinazomshinda mtu aliyeacha kwa moyo wote siku ya Sabato.

Njia ya Bates inafaa hapa pia. Kwanza, ijulikane saa. Anayevuta baada ya chakula ainuke mezani mara moja, atembee na kunywa maji. Anayevutwa na kahawa asubuhi anywe uji. Pili, ishara ziondoke nyumbani: kiberiti cha mfukoni, kibweta, pakiti iliyofichwa kwa dharura. Kubakiza moja ni kuupangia utumwa ratiba. Tatu, jibu liandaliwe kabla ya kwenda msibani au guloni, na jirani mmoja ajulishwe ili akae karibu. Hamu hupanda kwa nguvu, lakini kwa kawaida hupungua baada ya dakika chache. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi. Dakika hizo ni za kupumua kwa kina na kuomba. Aliyeteleza ainuke siku hiyohiyo, asisubiri mwaka mpya. Kanisa nalo limshike mkono, lisimhesabie aibu.

Na mwenye shamba la tumbaku? Bates naye alikuwa na familia ya kulisha, na hakuishia kwenye kukataa. Alitafuta zao jingine. Swali hilo ni zito, nalo linastahili kujadiliwa na kaya nzima pamoja na darasa, kwa upole na kwa mahesabu.

Maswali ya Kujadili

1. Ni saa gani ya siku, na pamoja na nani, jaribu lako hurudi mara nyingi? Utafanya nini saa hiyo kesho?

2. Kwa nini kupunguza kulishindwa kumsaidia Bates? Linganisha na Warumi 13:14.

3. Darasa lako linaweza kumsaidiaje ndugu anayeacha sigara au ugoro katika siku zake za kwanza? Na familia inayotegemea zao la tumbaku?