Mtakatifu Inyasi na Sarufi ya Kilatini

Mwaka 1524, mjini Barcelona, mwanamume wa miaka 33 hivi, mwenye kuchechemea, aliketi kujifunza misingi ya sarufi ya Kilatini, somo la watoto. Huyo ndiye Inyasi wa Loyola.

Alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, akalelewa katika desturi za makabaila na za vita. Tarehe 20 Mei 1521, huko Pamplona, mzinga wa Wafaransa ulimvunja mguu. Akiwa kitandani alisoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, akajiuliza kwa nini naye asitende waliyoyatenda Fransisko na Dominiko. Ujasiri ulikuwa mwingi, ila shabaha haikuwa na kipimo. Huko Manresa alijitesa kwa mafungo, akaacha nywele na kucha zikue ovyo, akaangukia katika mashaka ya dhamiri hata akajaribiwa kujiua. Kisha akaenda Yerusalemu akitaka kubaki huko daima. Wafransisko wenye mamlaka wakamkatalia. Ndipo alipoamua kusoma, apate kuwasaidia watu kiroho.

Lakini kila alipoanza kukariri, alijiwa na mawazo matamu ya mambo ya Mungu, na Kilatini kikamponyoka. (Sisi tuliokariri minyambuliko ile seminarini twajua: haidai akili kubwa, yadai kukaa kitini.) Inyasi akatambua kwamba mwanga wa namna ile haukumjia hata katika sala na Misa. Basi kilikuwa kishawishi, ingawa kilivaa vazi la ibada.

Akamwomba mwalimu wake, Jerónimo Ardèvol, wafuatane hadi kanisa la Santa Maria del Mar. Humo alimweleza yote, akamwahidi kwamba kwa miaka 2 hatakosa kumsikiliza darasani, maadamu apate mkate na maji mjini humo. Angalieni, wapendwa, alichoahidi. Hakuahidi kuwa bingwa. Aliahidi kuhudhuria na kusikiliza, kwa muda unaojulikana, mbele ya shahidi. Vishawishi vile vikakoma.

Ubingwa haukuja upesi. Alipofika Paris mwaka 1528, aliona msingi wake ungali hafifu, akarudi tena kukaa na wavulana katika chuo cha Montaigu. Shahada ya uzamili aliipata mwaka 1535, na Shirika la Yesu likakubaliwa na Papa mwaka 1540.

Katika Mazoezi ya Kiroho alituachia njia ileile: asubuhi mtu aazimie kuepa kosa moja tu, mchana na jioni ajihoji saa kwa saa, akitia nukta kwenye mstari kwa kila anguko, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Mwenyewe hakuiacha desturi hiyo ya kujihesabu, hata alipokuwa mkuu wa Shirika lililotuma wamisionari hadi India na Japani. Alifariki Roma tarehe 31 Julai 1556.