Waiyaki na Sime Iliyomgeukia

Wapitao Westlands, Nairobi, hulitaja jina la Waiyaki kila siku bila ya kumkumbuka mwenyewe. Kwao ni barabara tu ya magari iendayo upande wa Kabete. Kumbe Waiyaki wa Hinga alikuwa mtu, tena mtu wa silaha, na huko huko Kabete ndiko silaha yake ilikomsaliti.

Asili ya ukoo wake, yasimuliwa, ilikuwa Umasaini, lakini yeye alikuwa mkubwa miongoni mwa Wakikuyu wa kusini. Misafara iliyotoka kwetu Pwani ilipata chakula katika nchi yake. Mwezi wa Oktoba 1890 alichanjiana damu na Lugard, mtu wa Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa na makao yake Mombasa, wakawa ndugu.

Katika zama hizo kijana wa Kikuyu alianza na rungu machungani. Mkuki na ngao alivishika baada ya kutiwa jandoni. Upinde hutaka jicho na subira. Lakini kwa maoni yangu sime ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Ubapa wake ni mwembamba karibu na mpini, hupanuka kuelekea nchani, na uzito umelala huko. Ina makali pande mbili, wala haina kikingio cha kuulinda mkono. Aliyeutazama mchezo wa kirumbizi Lamu ajua kuwa fimbo hukinga fimbo. Sime haifai kukingia. Kazi hiyo ni ya ngao. Mwenye sime asiye na ngao, na asiye na nafasi ya kuuzungusha mkono, ameshika kitu ambacho adui akikidaka, kina makali kwa upande wake pia.

Ndivyo ilivyokuwa. Ule udugu haukudumu. Watu wa Kampuni walichukua vyakula kwa nguvu, ngome ya Dagoretti ikaachwa, na mwishoni mwa 1891 ikajengwa nyingine, Fort Smith, karibu na Kabete. Mwezi wa Agosti 1892 Purkiss, mkuu wa ngome hiyo, alipeleka askari kuadhibu vijiji, na Waiyaki akashukiwa kuwa ndiye aliyewaonya wenyeji. Akaenda ngomeni kwa Purkiss. Waliokuwa na kalamu ni Waingereza peke yao, nao walisema amelewa. Msomaji na aupime mwenyewe ushahidi huo. Maneno yalipozidi aliishika sime yake. Hapakuwa na ngao wala rika lake nyuma yake. Wakakamatana, akanyang'anywa, na sime yake mwenyewe ikampasua kichwa.

Usiku ule alifungwa minyororo kwenye mlingoti wa bendera, jeraha li wazi. Kisha akahukumiwa kupelekwa Pwani. Njia ilikuwa ya miguu, kwani reli ilikuwa bado kupimwa tu. Hakufika kwetu. Alifia Kibwezi, Septemba 1892, na huko akazikwa. Wakikuyu wengi mpaka leo husimulia kuwa alizikwa yu hai.