Henryk Sienkiewicz: Kutoka Bagamoyo Hadi Roma ya Nero



Wengi wetu tunapenda hadithi za vita vya Roma ya kale. Majeshi yamejipanga, ngao zinang'aa, jemadari anarudi na mateka huku mji mzima ukimshangilia. Iwe ni kitabu, filamu au gemu, utamu wake ni uleule: unajiweka upande wa anayeshinda. Leo tumtazame mtu aliyeiandika Roma hiyo wakati taifa lake mwenyewe limeshindwa.

Henryk Sienkiewicz alizaliwa tarehe 5 Mei 1846 huko Wola Okrzejska, Polandi. Lakini ukitafuta Polandi kwenye ramani ya wakati ule, huioni. Tangu mwaka 1795 Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana yote. Alikulia chini ya Warusi, akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1881 alimwoa Maria, wakapata watoto wawili. Mwaka 1885 Maria akafa kwa kifua kikuu. Henryk aliendelea kuandika riwaya ndefu za vita vya zamani vya Polandi, ili kuwatia moyo watu wake.

Sasa hapa wengi hawajui: mwaka 1891 jamaa huyu alifika kwetu. Alishukia Zanzibar, akavuka hadi Bagamoyo, akapokelewa na wamisionari wa Roho Mtakatifu, palepale ambapo vijana tunakwenda kuhiji. Alitaka kwenda bara kuwinda, lakini malaria ikamrudisha.

Hebu fikiria. Mwishoni mwa 1889 Wajerumani walikuwa wamemnyonga Abushiri aliyeongoza vita vya pwani dhidi yao. Mtoto wa nchi iliyomezwa alikuwa mgeni katika nchi inayomezwa, tena na taifa lilelile lililoshika sehemu ya Polandi. Je, aliliona hilo? Kwa kweli, katika riwaya yake ya mwaka 1911 kuhusu watoto wawili wa Kizungu Afrika, Mwafrika anachorwa kama mtu wa kuongozwa tu. Macho yaliyoona vizuri maumivu ya kwao hayakuona vizuri ya kwetu. Tuseme hivyo bila chuki, kwa sababu ni kweli.

Mwaka 1895 riwaya yake Quo Vadis ikaanza kutoka gazetini kidogo kidogo. Jina hilo ni la Kilatini, maana yake: unakwenda wapi? Inamhusu Vinicius, afisa kijana wa jeshi anayerudi kutoka vita vya mashariki. Amezoea kwamba akitaka kitu, anakichukua. Anamwona Ligia, binti wa mfalme aliyeletwa Roma kama mateka, naye ni Mkristo. Vinicius anataka kumchukua kama vile anavyoteka mji. Anavunjwa mkono na mlinzi wa Ligia. Halafu Wakristo walewale aliowavamia wanamlaza, wanamfunga jeraha, wanamlisha. Pale ndipo askari anaposhindwa kweli. Upanga aliujua namna ya kuujibu, msamaha hakuujua.

Tuwe makini kidogo lakini. Vinicius na Ligia ni watu wa kubuni. Moto wa Roma wa mwaka 64 na mateso ya Wakristo chini ya Nero ni historia. Habari ya Petro kukutana na Yesu akikimbia Roma, kisha akarudi kufa, ni mapokeo ya zamani. Haimo kwenye Biblia. Riwaya si katekisimu. Lakini inaweza kutuuliza swali ambalo katekisimu nayo inatuuliza.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikwenda Uswisi, akaongoza kamati ya kuchangisha misaada kwa Wapolandi walioumizwa na vita. Mzee aliyeandika vita maisha yake yote alimalizia kwa kuwatafutia mkate waliopigwa navyo. Alifariki Vevey tarehe 15 Novemba 1916. Polandi ilirudi kwenye ramani mwaka 1918; hakuiona. Mwaka 1924 mabaki yake yalirudishwa na kuzikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane, Warsaw.

Ndugu yangu, endelea kusoma hadithi za Roma, hakuna dhambi. Ila unapomshangilia jemadari, tafuta pia aliyefungwa minyororo nyuma ya gari lake. Sisi Wakristo tulianzia huko nyuma, pamoja na mateka. Na ukishakuwa na nguvu kidogo, darasani, kazini, nyumbani au hata kwa mchumba wako, jiulize: unakwenda wapi nayo?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyemwambia Petro arudishe upanga alani, utufundishe nguvu inayofunga majeraha, na utufumbue macho tuone maumivu ya wengine kama tunavyoona yetu. Amina.